Nilivyowahesabu Watoto wa Mwanahawa

Jumatatu. Mvua tangu alfajiri, tope limefika mlangoni.

Mimi nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili. Mafuriko yaliyobeba nyumba na mabanda yalinikuta na yakaniacha. Mamba aliyenila vidole viwili amekufa, mimi nipo. Boriti nilizokata hapa Mbuchi zimesimamisha nyumba mpaka Umwe. Ijumaa nimemzika na dada yangu mdogo, Mwanahawa. Hilo sikulitaka.

Shule nilikwenda miaka miwili tu, anayesoma asinicheke. Ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia Saidi, mtoto wa Mwanahawa, alipokuja mara ya mwisho. Alisema, "Mjomba, majigambo yako kijiji hakiyatoshi."

Kweli hakikuyatosha. Saidi alikwenda kusoma ng'ambo, akabaki hukohuko, akapata uraia wao. Akagombea bunge la jimbo, akashinda mara mbili. Akatunga sheria ya kulinda kingo za mito. Hiyo ni yangu, wenye kujua wanajua. Nani alimfundisha kwamba ukifyeka mikoko yote, ukingo unaondoka na maji? Kisha akaingia bunge la nchi nzima. Akatuletea picha: yeye ameinua mkono anaapa, pembeni mzungu mrefu mwenye miwani amemshikia msahafu. Nikaitundika ukutani. Kila aliyeingia kwangu kunywa chai nilimwambia, huyu ni Saidi, na yule ni karani wake.

Miaka minane nimesema karani.

Mwaka huu ikaja video kwenye simu za watu kutoka Kibiti, imeelezwa kwa Kiswahili. Yule si karani. Saidi anaishi naye, wamefunga ndoa ya huko, mwanamume na mwanamume. Wala hajawahi kuficha. Alilisema kwenye kampeni ya kwanza kabisa, akatukanwa, akachaguliwa. Nikaenda kwa Mwalimu Deo, mtu wa bara, ndiye aliyekuwa akinitafsiria hotuba za Saidi. Mbona hukuniambia?

"Mzee wangu, ulikuwa na furaha. Nilikutafsiria pale alipokutaja wewe, panapofuata nikaparuka."

Nikaigeuza picha ikatazama ukuta.

Mwanahawa alikuwa mgonjwa tayari, nikamleta kwangu, akalala chumba hichohicho chenye picha. "Kaka, mgeuze mwanangu anione." Sikumgeuza. Akaniambia yeye alijua zamani, Saidi alimwambia mama yake kabla ya kuwaambia wapiga kura. Kisha akasema, "Siku yangu ikifika msemaji ni wewe. Unihesabie wote."

Nikajibu inshallah. Ile inshallah ya kumtoa mtu mlangoni.

Ijumaa, jeneza likiwa mbele ya watu, nikasimama. Sauti yangu haina haja ya spika. Nikasema marehemu ameacha watoto watatu.

Hapo Mkumba, mtani wetu Mmatumbi, akatoka nyuma huko amejifunga kanga ya marehemu, kama watani wafanyavyo msibani.

"Weye Mndengereko, hata kuhesabu kumekushinda? Wanne! Huyo wa nne umemla na wali?"

Watu wakacheka. Mkumba akapata moto.

"Mbunge uliyetuchosha naye masikio, leo kazaliwa na nani? Na mamba wako?"

Kicheko kikakatika. Kumbe wote walikuwa wameiona ile video.

Mtani hakasirikiwi. Hata ukizika mtoto, mtani akikuchekesha unacheka, ndiyo kazi yake. Mimi nilimsukuma. Mkumba akaanguka kwenye tope na kanga ya dada yangu. Akainuka, akaivua, akaikunja, akaniwekea mkononi, akaenda zake bila neno. Umri huu wote sijawahi kumwona Mkumba hana neno.

Leo asubuhi ujumbe umeingia. Saidi ameona video ya maziko.

"Shikamoo mjomba. Kwa hiyo mama ana watoto watatu?"

Basi. Hakuna zaidi.

Sijamjibu. Mambo anayoishi sikubaliani nayo, na mimi si mtu wa kugeuzwa uzeeni. Lakini nimeshinda hapa natafuta kukubali kwangu kunaingia wapi kwenye hesabu, sijapaona. Mwanahawa alimbeba tumboni. Nilikuwapo. Mtumbwi wa kumpeleka kwa mkunga niliupiga kasia mimi, maji ya mto yakitoka kwa nguvu, na hakuna mwanamume mwingine wa Mbuchi angefika. Mtoto alilia kabla sijaufunga mtumbwi. Nikamsikia wa kwanza mimi, halafu Ijumaa nikasema hayupo.

Niliahidi, nikasema uongo mbele ya maiti yake.

Naandika hapa kwa sababu pale niliposemea kaburi limeshafunikwa. Marehemu Mwanahawa ameacha watoto wanne. Wa pili ni Saidi, mbunge. Saidi, ukisoma, jibu lako ndilo hilo. Lingine sina.

Picha nimeigeuza tena, inatazama chumbani. Yule mrefu bado sijui nimwite nani. Chumba kitupu, wanatazama kitanda kitupu.

Kesho navuka mto kumrudishia Mkumba kanga. Akitaka kunisukuma na yeye, tope lipo. Anayebisha haya amuulize yeye, aliyehesabu sawasawa, au Mwalimu Deo, aliyeruka nusu ya hotuba. Shahidi mkubwa alikuwa Mwanahawa.

Huyo hamtamuuliza tena.