Paa la Mama Linakusubiri

Nyakato, Mwanza
Jumapili, 17 Agosti 2025

Mpendwa Kaka Ojuok,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa sifiki mbali. Nikishasema shikamoo unajibu, "Marahaba, nipo kikaoni, nitakupigia," halafu jua linazama na simu haijalia. Barua haina kitufe cha kukatia, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho. Habari za Kasulu? Wifi Selina hajambo? Na Favour, ule mguu alioteguka kwenye mpira umepona? Mama anauulizia kila tunapoonana, utadhani ni yeye anayeutembelea.

Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Cherehani zangu bado zinanipa ugali, ingawa mgongo unalalamika kwa kukaa sana. Mdogo wetu Otuoma yupo kiwandani palepale, siku hizi wamempa zamu ya mchana. Mkewe Dorcas anakaribia kujifungua na ameshaanza kugombana na kila mtu, kwa hiyo tunajua mambo yanaenda vizuri.

Kilichonikalisha kuandika ni nyumba ya Mama kule Buhongwa.

Unalijua jua la huku kuanzia Septemba, kabla mvua za vuli hazijaanza. Mwaka jana tulikuambia kwa kifupi kwamba Mama aliugua. Leo nakuambia kwa kirefu. Jirani yake Tereza alimkuta saa nane mchana ameketi sakafuni sebuleni, jasho linamtiririka, na alipomwita Mama hakuweza kuitika. Zahanati walisema ni presha, na kwamba joto la nyumba isiyo na dari litazidi kuipandisha. Muuguzi alituambia mimi na Otuoma tumtafutie mahali penye hewa pa kulala, tena alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia maneno hayohayo kwa watoto wa watu. Siku ile tuliapa kwamba kiangazi kingine hakitamkuta Mama chini ya bati lile.

Tulianza kujipanga mwezi wa sita. Tulitaka kubandua bati lote lililoshika kutu na kuezeka jipya, kupiga dari vyumba vyote, kupanua madirisha mawili ya upande wa ziwani na kuyawekea wavu wa mbu, kutoboa matundu ya hewa juu ya kuta, na kuhamishia tanki la maji kivulini. Tulimwita Fundi Shigela, yule Msukuma mwenye mwendo wa pole ambaye Baba alipenda kubishana naye. Alipanda juu kwa kunyata, akagonga kenchi, zile mbao zinazobeba bati, moja baada ya nyingine, akashuka na kusema ni mbao mbili tu zilizooza. "Baba yenu hakuibia nyumba yake," alisema. Nilifurahi siku nzima kwa neno hilo.

Mama alikubali yote. Madirisha tupanue, tanki tuhamishe, kuta tupige chokaa. Ila paa, alisema, hakuna mtu wa kung'oa msumari hata mmoja kabla wewe hujang'oa wa kwanza.

Wewe unaijua mila yetu ya Kijaluo kuliko mimi. Nyumba ya kupanga mjini haina masharti, hata ukitaka kuibomoa kwa teke. Lakini Baba alipokataa kupelekwa Shirati na kusema azikwe Buhongwa, pale pakawa dala, nyumbani kamili, na mambo ya nyumbani yakahamia pale pamoja naye. Mkubwa anaanza, mdogo anafuata. Sisi tulifikiri Mama angelegea kadiri siku zinavyokwenda. Tulimsahau Mama ni nani.

Haraka haraka haina baraka, lakini nani amweleze Otuoma. Mwisho wa Julai Mama alikwenda Magu kwenye kongamano la akina mama wa kanisa, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Otuoma akaona hiyo ndiyo nafasi. Akamwambia Shigela abandue, akiamini Mama akirudi na kukuta bati jipya linang'aa, moyo wake utang'aa nalo. Mimi sikuambiwa. Ningeambiwa ningekaa juu ya paa mwenyewe.

Mama alirudi mapema. Bati mbili za juu ya sebule zilikuwa chini tayari, zimelazwa karibu na kaburi la Baba. Tereza, aliyekuwepo, anasema Mama hakupaza sauti. Aliingia ndani, akainua uso akaona mawingu, akauliza ni nani ameanza. Otuoma akajibu kwamba ni fundi tu. Mama akamwambia, "Fundi ni nyundo. Nakuuliza mkono." Kisha akachukua mkeka, blanketi na Biblia, akahamia jiko la nje. Shigela alizirudisha zile bati jioni ileile, lakini Mama anasema tundu la msumari halijifungi.

Mpaka leo yupo jikoni, Kaka. Unalikumbuka jiko lile. Mlango mmoja, dirisha hakuna, bati unaligusa kwa mkono ukisimama, na moshi wa miaka yote umeganda ukutani. Sasa hivi upepo wa Agosti bado unamsaidia. Baada ya wiki chache hautakuwepo. Tulitaka kumtoa kwenye joto, tukamwingiza kwenye tanuri.

Nimekasirika, sikufichi. Nilimkasirikia Otuoma kwa ujuaji wake, nikamkasirikia Mama kwa ukaidi wake, na nilipomalizana na wote wawili nikagundua kwamba hasira kubwa bado sijaitoa, imebaki yako. Wanasema mkubwa ni jalala, kwa hiyo ipokee.

Usidhani hatukujaribu njia nyingine. Otuoma alishauri tukupigie simu ya video, wewe uonekane ukitoa amri na yeye ang'oe msumari kwa niaba yako. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema simu haina mkono. Nikampigia Baba mdogo Yeremia kule Shirati. Alisema atakuja yeye aanze, kwa kuwa ni ndugu wa marehemu. Nilipomfikishia Mama habari hiyo, aliniagiza nimwambie Yeremia anywe uji wake hukohuko na amwachie yeye paa lake. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba shida haikuwa mila peke yake.

Juzi Alhamisi nilifunga cherehani mapema, nikaenda kumsaidia kuchambua mchicha. Kisha nikamuuliza, kwa upole niliouazima sijui wapi, kama kweli anaamini jambo baya litatokea Otuoma akianza kabla yako. Akacheka kidogo. Akasema yeye ni mzee wa kanisa, haogopi bati.

Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo, na ninayaandika kama alivyoyatamka. "Mkubwa akirukwa, watu husema hayupo. Hayupo ni neno la marehemu. Mimi nimezika mume, sijazika mwana."

Nilishindwa kuendelea na mchicha. Nilifuta macho, nikasingizia moshi.

Mama anajua kwa nini huji, Kaka. Tunajua sote, tunanyamaza tu. Siku ya matanga ya Baba, mbele ya watu wote, Baba mdogo alisema kwamba mtoto wa kwanza asiye na hata kibanda nyumbani kwao akae upande wa wageni. Ulisimama, ukachukua sahani yako, ukaenda kukaa upande wa wageni kweli, na tangu siku ile umekuwa mgeni. Hujaja Krismasi, hujaja kwenye ubatizo wa mtoto wa Otuoma, hukuja Mama alipougua. Kila mara ulisema foleni ya kivuko cha Busisi inakula siku nzima na likizo yako ni fupi.

Sasa daraja limefunguliwa. Venant, dereva anayekuletea barua hii kwenye lori la sabuni, anasema unavuka Busisi kabla hujamaliza kumenya chungwa. Basi likitoka huko linapita Buhongwa kabla ya kuingia mjini, unashukia karibu na mlango wa Mama. Nasikitika kukuambia kwamba kisingizio chako kimefariki, na sisi wengine hatukukilia.

Mama hakudai nyumba. Nilimuuliza hilo pia, maana nilijua ndipo panapokuuma. Alisema, "Hajajenga kwake, sawa. Aanze kwa kujenga kwangu. Anayesema mwanangu ni mgeni na aje amwone juu ya paa langu." Kwa hiyo unaona, ile kauli ya Baba mdogo Mama hakuisahau hata siku moja. Miaka yote hii amekuwa akiitafutia jibu, na jibu lenyewe amelitunza kwenye paa bovu.

Sikuombi fedha, na tafadhali usitume, kwa sababu najua ukibanwa unatuma. Bati jipya limepangwa chumbani kwangu, nalala nalo kama ndugu. Mbao zipo, misumari ipo, Shigela yupo tayari siku yoyote isipokuwa siku ya mnada. Kinachokosekana ni mkono wako kwa asubuhi moja. Ukimaliza msumari huo mmoja unaweza kushuka, ukaoga, ukala, ukarudi Kasulu kesho yake. Ningependa ukae, lakini sitakushikia mlango.

Otuoma anakusalimu sana. Anaona haya, siku hizi akifika Buhongwa anachota maji na kuondoka bila kukaa. Ukija mtazamane machoni nyinyi wawili, amezeeka ghafla. Dorcas anakusalimu, na anasema mtoto akiwa wa kiume atampa jina lako, ila uje kwanza aone kama bado unalistahili. Tereza anakusalimu. Baba mdogo hajatuma salamu, nami sikumwomba. Nisalimie Wifi Selina, umwambie vitenge vyake nimeshashona, na umbusu Favour kwa niaba ya shangazi yake. Venant anakuletea pia samaki, sato wakavu. Najua utasema migebuka ya huko ina ladha zaidi, wewe kula tu.

Limebaki jambo moja, nalo nimelivuta hadi hapa kwa sababu sikutaka kulifikia. Mama si mkaidi wa kujiua. Anaujua mwili wake na analijua jua. Nilipokuwa naondoka Alhamisi, aliniambia kwamba kuna njia moja ya Otuoma kuendelea bila wewe, na yeye atarudi ndani na hatasema neno tena. Ni wewe mwenyewe uandike, kwa mkono wako, maneno haya matatu: Endeleeni bila mimi.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi nyeupe. Si mimi niliyeisahau humo. Mama aliikunja na kunipa, akasema mtu mzima halazimishwi, anapewa nafasi ya kusema. Ukiiandika, mpe Venant, atanifikishia, nami nitakwenda kumsomea Mama jikoni, maana macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Nimeshawasomea watu barua nyingi za msiba katika maisha yangu. Hiyo sitaiweza, Kaka.

Mungu wa Baba yetu akulinde barabarani na akupe moyo mwepesi wa kurudi kwenu. Mama anakungoja, na mimi pia.

Ni mimi dadako nikupendaye, hata nikikufokea,

Rozina