Mupira Alikula Sahani Yako

Tata,

Leo asubuhi Mupira, mbwa wako, amekimbia. Si kutembea, amekimbia! Alitoka mlangoni, akavuka ua wote wa lupangu mpaka ukuta wa nyuma, akageuka, akarudi, nami nikasikia ardhi ikidunda chini ya nyayo zangu. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji na nikasahau kuitua. Mtu wa kwanza niliyetaka kumwita ni wewe, baba yangu, kwa hiyo nimekaa kukuandikia.

Ulimwacha angali mdogo wa kuingia ndani ya koti lako la kazi ya treni. Rafiki yako wa Dilolo aliyekupa alikwambia wazazi wake ni mbwa wa kuchunga ng'ombe upande wa Angola, wakubwa kama ndama, na sisi hatukuamini. Alikuwa tumbo na masikio tu, mviringo, ndiyo maana ukamwita Mupira. Mama alikasirika. "Shiye batu tunatafuta bukari, na we unatuletea kinywa ingine?" Ukacheka vile ulivyokuwa unacheka, na mabega. "Mbwa mukubwa anaombaka sahani mukubwa. Akule, akomae mbio, achunge lupangu."

Kisha moyo wako ukasimama, Tata, na hukumwona akikua.

Nikueleze habari za Mama. Wageni wa matanga waliporudi makwao, alisonga bukari katika sufuria ile ile ya siku zote. Akapakua sahani yako, akaiweka mahali pako, akaifunika. Tulikula tukiiangalia. Mwishowe akaichukua, akatoka nayo, akammwagia Mupira: bukari, mboga ya sombe, samaki na mchuzi wake. Kesho yake akafanya vile vile, na keshokutwa. Yeye mwenyewe alikuwa akimega tonge moja au mbili, basi, ameshiba. Nguo zikaanza kumpwaya. Jirani yetu Mama Beya naye akawa analeta unga wa mifupa ya ng'ombe, akimnyunyizia mbwa juu ya chakula ili mifupa yake ipate nguvu.

Lo, Tata, jinsi alivyokua! Nilikuwa nikitoka kazini jioni na kukuta mbwa mwingine. Kichwa kilikuwa kikubwa kuliko sufuria yetu ya maharagwe, na nyayo zake zikaacha alama kwenye udongo mwekundu kama za mnyama wa porini. Watoto wa mtaa wetu wa Musonoi wakienda shuleni walikuwa wanasimama getini kumshangaa. Mama aliona fahari. "Angalia," alikuwa anasema, "chakula ya tata yako haipotee bure."

Halafu miguu ya mbele ikaanza kupinda. Viungo vilivimba juu kidogo ya nyayo, na nyayo zenyewe zikatazama pembeni. Akawa anapenda kukaa kuliko kusimama. Siku moja nilifika nyumbani, akanisikia, akajaribu kuinuka anisalimie, akashindwa. Alilia kama mtoto, Tata, mnyama mkubwa vile.

Tulimpakia kwenye pikapu ya jirani mpaka kwa docteur wa wanyama, dada mmoja kijana, mpole. Alipitisha vidole ubavuni mwa Mupira, akabonyeza, akabonyeza tena. "Mbavu ziko wapi? Nilipaswa kuzisikia bila kubonyeza." Akauliza anakula nini, nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba mbwa wa aina ndogo humaliza kukua upesi, lakini mbwa kama huyu hujenga mwili wake polepole, mwaka mzima na zaidi. Ukimlisha kupita kiasi, uzito unatangulia na mifupa michanga inashindwa kuubeba. Unga wa mifupa ndio mbaya zaidi, kwa sababu mwili wa mbwa mtoto haujui kuukataa. Unauingiza wote, na mifupa inaharibika kwa kile kile kilichotakiwa kuijenga.

Kumbe mnyama wote huu, na kifua hiki, na sauti hii inayotetemesha mabati, anajengwa gizani ndani ya ngozi, siku kwa siku, kutokana na kinachotiwa ndani ya bakuli. Na upendo unaweza kumpinda.

"Itanyooka?" nikauliza.

"Angali mutoto. Inaweza kunyooka. Ila siapi."

Akanionyesha chakula cha kutafuta: kile ambacho mfuko wake umeandikwa kuwa ni cha watoto wa mbwa wa aina kubwa, si cha mbwa yeyote tu. Kipimwe kwa kikombe, kigawanywe mara tatu kwa siku, na asiongezewe kitu juu yake. Vitunguu asiguse, wala mifupa iliyopikwa. Akishakula apumzike, asirukeruke, maana tumbo la mbwa mkubwa linaweza kujisokota likamuua.

Kazi ilikuwa kumwambia Mama.

"Unaniambia sahani ya bwana yangu njo inamuvunja miguu?" Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Siku iliyofuata alipika kama kawaida, akapakua, akatoka nje na sahani. Nilimfuata mpaka mlangoni, sijui nilitaka kufanya nini. Mupira aliiona sahani, akajiinua kwa miguu ya nyuma, ya mbele ikateleza, akaanguka kwa kidevu. Akajaribu tena. Mama alisimama pale. Kisha akakaa chini kwenye udongo, na kikwembe chake kizuri kiunoni, akaipakata ile sahani. Mupira akamlamba mkono.

Basi Mama akaanza kula. Alimega tonge, akachovya, akameza, machozi yakishuka mpaka kwenye bukari. Alikula taratibu, hakuacha kitu. Chakula chako, Tata, amekila chote mbele ya macho yangu. Nilishika mwimo wa mlango kama mtu aliye kanisani.

"Iko na chumvi mingi," akasema.

Kesho yake akanituma sokoni kuleta sufuria ndogo.

Kikombe cha Mupira sasa ni kazi yake. Anakijaza, anakisawazisha kwa kidole, na Mama Beya akikaribia na unga wake anafukuzwa tangu getini. Kila jioni anapitisha vidole kwenye mbavu za mbwa, mmoja baada ya mwingine, kama anayesali rozari. Yeye mwenyewe nguo zimeanza kumkaa. Miguu ya Mupira ilinyooka polepole mno, hata tukaogopa kusema. Mguu wa kushoto bado umepinda kidogo, na docteur anasema huenda ukabaki hivyo.

Leo alipokimbia, Mama alitoka na kikombe mkononi. Tangu tukuzike hajawahi kusema nawe kwa sauti. Leo alitazama juu ya ukuta, akasema, "Bwana yangu, ona vile anakimbia."

Ndiyo maana nakuandikia, kama hukusikia.

Sasa pumzika, Tata. Hapa nyumbani usiwe na wasiwasi. Nitawalisha wote wawili.

Binti yako,
Feli