Ushahidi wa Mtani Wako

Baba yangu, shikamoo.

Najua huwezi kuitikia, lakini sijawahi kuanza na wewe bila shikamoo, na leo si siku ya kuanza utovu wa adabu. Niko Mombo, kwenye meza ninayosahihishia madaftari ya wanafunzi wangu. Nje basi limesimama na wauza mahindi ya kuchoma wanagombania madirisha yake, kwa hiyo ukiona nimeruka neno, ndiyo sababu. Nina habari mbili za kukupa. Ya kwanza, kumbukumbu zako za jeshi zimesahihishwa. Ya pili inamhusu mtani wako, Mzee Maganga, na hiyo naiweka mwisho, maana nikianza nayo hatutafika mbali.

Kabla ya hizo nina swali. Nimelizungusha kichwani miaka yote hii na bado linanisumbua: zile nishani ulizitakia nini?

Nakumbuka sherehe za Uhuru pale Korogwe. Tulikuwa bado tunaishi kwenye kambi ya mkonge, wewe mkata majani, Mzee Maganga kiwandani akianika nyuzi, kwa sababu mguu wake wa kulia ulikuwa haukunjiki tangu vitani. Waliopigana Burma, vita vya Mwingereza na Mjapani, waliitwa wajipange mbele ya watu. Mtani wako akapita akichechemea, kaptula imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyanya, na nishani mbili za nyota kifuani. Wewe ulisimama na umati, umenishika mkono. Nikakuuliza, "Baba, mbona wewe huna?" Ukasema, "Zangu zilipotea njia." Nikauliza njia ipi. Ukaninunulia andazi. Nilikuwa mdogo, lakini nilishajua kwamba andazi lisiloombwa huwa linafunika jambo.

Nilipokua ndipo niliposoma mwenyewe. Kitabu chako cha jeshi kilisema ulibaki kambi ya mafunzo mpaka vita vikaisha, ukilinda stoo. Hakikuwa na Burma, hakikuwa na ule mto wa huko, na kwa hiyo hakikuwa na nishani. Malaria uliyorudi nayo na kovu la shingoni sijui walidhani uliyapata kwenye stoo ipi. Ulisema ulihamishwa kikosi mara tatu na kila karani alikuwa na haraka yake. Mzee Maganga alijeruhiwa, akapita hospitali, na hospitali waliandika. Wewe uliyekuwa mzima hukuandikwa.

Tuliporudi Handeni, kwenye shamba la Babu nje ya Chanika, nilidhani mtani wako tumemwacha Korogwe. Wapi! Kila mavuno alishuka kwenye lori na fimbo yake, akapaza sauti tangu njiani, "Mtumwa wangu yuko wapi?" Na wewe unamjibu kutoka shambani, "Mnyamwezi, njaa imekufukuza tena kwenu?" Alichukua kofia yako kichwani mwako akaondoka nayo. Alichukua jogoo. Siku moja alichukua kigoda ulichokuwa umekikalia, akakusukuma kwanza. Mama alipolalamika ulimwambia, "Mtani haombi wala hanyimwi, mama Zaina, wewe unajua hilo." Alijua, ila jogoo yule alikuwa wake.

Kitu nilichokiona, nami nikakaa nacho, ni kwamba katika matusi yote yale sikuwahi kusikia mmoja wenu akimwambia mwenzake ahsante. Wala hukuwahi kunisimulia mguu wake uliumiaje. Nikikuuliza, andazi.

Kisha ukaja mwaka wa kuhamia kijiji cha ujamaa. Nilikuwa kidato cha tatu, nimekuja likizo, nikakukuta kwenye foleni ya kuandikishwa. Katibu wa kijiji, kijana wa makamo yangu, alikuuliza kazi. Ukasema mkulima. Akauliza, na kabla ya hapo? Ukasema, "Nilikuwa askari. Burma." Vijana waliokuwa nyuma yako wakacheka, mmoja akasema, "Mzee, kumbe ulimpigania mkoloni!" Hukukasirika. Ulisema tu, "Nilimpigania aliyekuwa karibu yangu." Katibu akaandika mkulima, akaita jina linalofuata.

Wiki hiyohiyo ulitoa sanduku la bati, ukafuta vumbi kwenye kile kitabu, ukaniita. "Zaina, Kiingereza chako kinafika wapi?"

"Kinafika kidato cha tatu, Baba."

"Basi kitafika Ulaya."

Nikakuandikia ombi la nishani zako, na fomu zilipokuja, likizo iliyofuata, zilidai shahidi mmoja aliyekuwa vitani pamoja nawe, aeleze alichokiona kwa macho yake. Shahidi alikuwa mmoja tu duniani. Alikuja na lori la Korogwe, akala kwanza, akala tena, kisha akanyoosha mguu wake kwenye mkeka na kusema yuko tayari. Ninayo nakala ya maneno yake mpaka leo:

"Andika, mwanangu. Huyu Mzigua namjua. Hakuwa askari, alikuwa mwizi. Aliiba sukari ya afisa, tena si kijiko, kopo zima. Na ni mkaidi. Sajini alimwamuru mara mbili, akakataa mara mbili. Tulipofika mtoni Mjapani akaanza kutupiga, na huyu mtumwa wangu alikimbia kuliko wote. Visigino vyake niliviona kwa karibu kabisa, vinarusha maji. Nimemaliza. Nipe kalamu nitie sahihi."

Ulicheka mpaka ukashika ubavu. Nilikuuliza, "Baba, niandike hivi hivi?" Ukasema, "Ushahidi wa mtu haupunguzwi. Atakayesoma atajua huyu ni mtani wangu." Nikautafsiri wote, kopo, visigino na kila kitu, kwa Kiingereza kilichonyooka kama nilivyofundishwa. Neno utani sikulipatia Kiingereza chake, nikaliacha. Hapo ndipo nilipokosea, Baba, na tangu hapo nimekuwa nikiona aibu.

Maana atakayesoma hakuwa wa Handeni. Miezi ikapita, jibu likaja nikiwa likizo tena, likiwa na muhuri mzuri. Walisikitika. Walisema shahidi wa mwombaji mwenyewe amethibitisha kwamba mwombaji aliiba mali ya jeshi, alikaidi amri, na alikimbia mbele ya adui mtoni, huko Burma. Nishani hazitolewi kwa mtu wa namna hiyo. Wakaongeza kwamba, kwa kuwa muda mrefu umepita, hawatamchukulia hatua juu ya sukari.

Nilikusomea huku machozi yananitoka. Wewe ulitega sikio kama unasikiliza bei ya pamba. "Rudia pale pa mtoni," ukasema. Nikarudia. "Wameandika mto?" Wameandika, Baba. "Basi hatujashindwa. Kitabu kinasema sikufika Burma. Barua yao inasema nilikimbia Burma. Mtu hakimbii mahali asipofika. Waandikie hivyo."

Sikuwaandikia. Hili nalisema wazi kwa sababu barua hii ni ya kusema wazi. Nilikuwa na hasira na Mzee Maganga, nilimwona mzee mpuuzi aliyekuharibia jambo moja tu ulilowahi kulitaka kwa ajili yako mwenyewe. Likizo ikaisha, nikarudi shule, nikajiambia nitaandika likizo ijayo. Masika yakaja, homa ikakupata, na likizo ijayo haikukukuta.

Siku ya tatu ya msiba, Mzee Maganga alifika. Sisi wanawake tulikuwa ndani, namsikia kupitia ukuta. Unajua watu walivyokuwa wakingojea: mtani amekuja, sasa atakuiga unavyokohoa, unavyopima mahindi kwa jicho moja, ataokota kofia yako aivae. Wengine walishaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Fimbo yake ikagonga chini mara moja.

"Leo sina utani," alisema. "Anayenitania amelala."

Kisha akasema maneno yaleyale, Baba. Yaleyale niliyoyaandika mimi, ila safari hii aliyafikisha mwisho. Kwamba mguu wake ulivunjwa na risasi ukingoni mwa mto. Kwamba sajini alikuamuru umwache, huyo amekwisha, na ukakataa mara mbili. Kwamba ulimtupa begani kama gunia, kichwa chini, ukaingia majini ukikimbia, na yeye katika safari nzima ile hakuona mto, wala Mjapani, wala mbingu. Aliona visigino vyako tu, vinarusha maji. Na kwamba kule ng'ambo, alipokuwa hawezi kumeza chakula, uliiba kopo la sukari ya afisa, ukawa unamkorogea maji kwa kidole.

"Sikumwambia ahsante hata siku moja," alisema. "Ningeanzaje? Angenicheka mpaka kufa."

Mle ndani nilikaa nikiwa nimeshika sufuria tupu. Visigino! Nilivitafsiri mwenyewe, tena kwa makini, na sikujiuliza: kama ulikimbia kuliko wote, yeye aliviona vipi kwa karibu? Mtoto aliyekuwa akiuliza njia ipi, andazi kwa andazi, siku ile ya ushahidi hakuuliza.

Nikatoka nje na daftari. Mama alinivuta khanga, sikusimama. Nikamwambia, "Mzee Maganga, shikamoo. Rudia taratibu, niandike." Akarudia. Watu wazima walikuwa wanafuta nyuso zao, na yeye anatia sahihi huku akinikumbusha niandike kwamba kopo lilikuwa zima.

Niliutuma ushahidi huo pamoja na barua niliyokuwa nadaiwa na wewe, ikiwa na hoja yako: mtu hakimbii mahali asipofika. Safari hii nilieleza pia mtani ni nini, ukurasa mzima. Jibu lilichukua zaidi ya mwaka, likanikuta nimeshaanza kufundisha hapa Mombo. Kitabu kimesahihishwa: ulikuwa Burma, kikosi chako halisi kimetajwa, na nyota zako mbili zimeandikwa kwa jina lako na kutumwa ndani ya kisanduku cha karatasi. Kuhusu mto hawakukubali. Walisema nishani ya ushujaa inahitaji ushahidi wa afisa aliyekuwepo, na hakupatikana. Nilikasirika siku mbili, halafu nikaona kwamba pengine hiyo siyo uliyokuwa ukiitaka.

Hilo ndilo ninaloliwaza sasa, Baba, na unisahihishe kama nimekosea. Ulimtafuta shahidi mmoja, ukamkalisha kwenye mkeka mbele ya kalamu, fomu ikamwuliza aliona nini kwa macho yake. Je, zilikuwa nishani kweli, au ulitaka mara moja tu kumsikia akisema? Naye aliutambua mtego, akauruka kwa utani, na wewe ukacheka kwa sababu kwa namna yenu alikuwa amesema. Au labda ni swali langu la siku ya Uhuru lililokukaa rohoni. Au wale vijana wa kwenye foleni. Najigeuza huku na huku, sijui.

Nilipompelekea Mzee Maganga zile nyota azione, kambini Korogwe, alizishika moja moja, akazipima uzito mkononi. Akauliza, "Na ya mto?" Nikamwambia hawakutoa. Kisha akachukua nyota moja, akaitia mfuko wa shati, akaanza kuzungumza habari za mvua. Ana zake mbili, akachukua na ya tatu! Sikumzuia. Mtani haombi wala hanyimwi, na njia nzima ya kurudi Mombo nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya basi, mara ya kwanza tangu msiba wako.

Sasa habari ya pili. Mzee Maganga amefariki. Tumemzika wiki iliyopita, na nyota zote tatu zilikuwa kifuani, mwanawe alisema ndivyo alivyoagiza. Watani tulienda wengi kutoka Handeni. Zamu ya maneno ilipofika, walinitazama mimi, binti wa mtumwa wake. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu ya shukrani, kwa kofia, kwa kigoda, kwa kunieleza wewe ulikuwa nani. Nikasimama, nikayaacha.

Nikasema, "Marehemu alikuwa mwizi. Ameiba nyota ya baba yangu, na anaondoka nayo mchana kweupe."

Watu wakacheka. Mwanawe aliniangalia, akaacha kucheka, akainamisha kichwa. Alikuwa amejua hayo si matusi.

Basi yuko njiani kwako, Baba, kama hajafika. Mkague kifuani. Nyota yako ya pili ninayo mimi, kwenye sanduku la bati, juu ya kitabu kilichosahihishwa. Na mkishamaliza kutukanana, nikumbukeni na mimi mniambie: kopo lilikuwa zima kweli?

Mwandishi wako, aliyechelewa kuandika,
binti yako Zaina.