Chai Mbili kwenye Bustani ya Waingereza

Mama yangu mpenzi,

Leo Rashidiya ni joto la kukausha kanga kabla hujamaliza kuianika. Nimefunga mapazia, kiyoyozi kinanguruma, nami nakuona umevaa koti langu la mvua, mikono yake imekumeza hadi vidole, unacheka katikati ya bustani ya watu. Wengi wanaonifahamu hapa Dubai wanajua kwamba mama yangu alikuwa khadama, alifanya kazi za ndani. Nataka wajue na habari ya bustani, ndiyo maana nakuandikia hadharani.

Nyumbani kwa madam, Mirdif, chumba cha kupigia pasi kilikuwa na televisheni ndogo, na alasiri kilikuja kipindi cha bustani za majumba ya kale ya Uingereza. Kiingereza chake hukukielewa vizuri, lakini maua uliyaelewa. Ijumaa ukija kwangu ulinisimulia kama mtu aliyetoka harusini: miti iliyokatwa ikawa kama ukuta, mawaridi yaliyopanda hadi dirishani. "Na simwoni mtu anayefagia," ulisema. "Sijui wanafagia saa ngapi."

Basi ulipoachana na kazi na kusema khalas, imetosha, sasa narudi Tanga, nilikuomba unisubiri kidogo. Nilichukua likizo pale kliniki ya Oud Metha ninapofanya kazi mapokezi, nikatuandikisha kwenye safari ya kikundi ya kwenda kuziona bustani hizo: watu wa hapa hapa Dubai, na mwongozaji wa kutupokea kule. Viza ilipotoka ulinitazama kwa mashaka.

"Zuhura, mimi nikafanye nini huko?"

"Ukatazame, Mama."

Na ulitazama! Mwongozaji wetu, mzee mwembamba mwenye mwavuli, alieleza kila kitu taratibu, nami nikakutafsiria sikioni. Alituonyesha mpeasi uliofungwa ukutani, matawi yametandazwa huku na huku, ili matofali yaupashe joto. "Huu wameusulubu," ukaninong'oneza. Katika nyumba ya vioo tulikuta mgomba ndani ya chungu kikubwa. Ukausogelea, ukaushika jani. "Na wewe nani kakuleta kwenye baridi hii?" Kisha ukaniambia nimuulize yule mzee ni nani aliyekuwa akichochea moto wa kuupasha joto zamani. Akajibu kwamba ni watumishi wa nyumba, kwa zamu, msimu mzima wa baridi. Ukaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa salamu za jamaa zake.

Lakini kuna jambo lilikuwa linaniuma. Kila mara kikundi kilipokaa kwenye mabenchi, wewe ulisimama nyuma, mikono umeikunja tumboni. Nikikwambia ukae unasema, "Nimezoea." Miaka yote ile ya nyumba za watu ilikuwa bado imo miguuni mwako.

Siku ya pili tulipumzika kwenye ua wa mazizi ya zamani, uliogeuzwa kuwa mahali pa chai. Mwenzetu mmoja wa kikundi, Bi Salma, alikuwa ameketi peke yake. Ni yule mama wa ukoo wa Kizanzibari uliokaa Dubai tangu enzi za wazazi wake. Alikuona umesimama, akakunyooshea mkono.

"We bibi, hebu niletee chai. Miguu yaniuma."

Damu ilinipanda masikioni. Nilianza kuja, ukaniinulia kidole: subiri. Ukaenda mwenyewe, ukarudi na vikombe viwili. Kimoja ukamwekea mbele yake. Cha pili ukakiweka mkabala, ukavuta kiti, ukakaa.

"Ya leo nimeleta mimi," ulimwambia. "Ya kesho utaleta wewe."

Akashangaa. "Kwani weye umekuja na nani?"

"Na binti yangu, yule pale anayetaka kunipigania. Tumekuja kuona maua, kama wewe."

Uso ulimshuka. "Nisamehe, dada yangu. Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Kunywa, itapoa."

Mama, mdomoni nilikuwa na maneno makali tayari. Ningeyasema, ningeshinda ugomvi, na safari iliyobaki tungeimaliza tumenuniana. Wewe hukupaza sauti, hukujishusha, na hukumwacha yule mama na aibu yake peke yake. Kesho yake chai ilikuja kweli, imejaa sukari ya kutosha watu watatu. Mkatangulia njiani wawili nyie, mkibishana pilau ya Tanga na ya Unguja ipi ndiyo pilau, hata mwongozaji akawa anawasubiri. Na kuanzia hapo sikukuona tena umesimama nyuma ya benchi la mtu.

Bustani ya mwisho ulivua koti, baridi na yote, ili kanga yako ionekane. "Nipige picha hapa. Jumba lote litokee. Wewe usiingie." Ukasimama katikati ya njia, mkono kiunoni, kidevu juu.

Ulirudi Tanga, na huko ndiko mauti yalikokukuta, kwenye nyumba yako, kitandani kwako. Bi Salma alikuja hapa Rashidiya, akakaa nami mkekani, akalia kabla yangu. Siku hizi nikiwakuta kwenye metro kina mama wa rika lako, wameshika mikoba ya madam zao, huwaamkia shikamoo kwa sauti, wenzangu wasikie. Wakiniuliza kwa nini, nawaambia nimelelewa na mmoja wao, na sijaona malezi mengine ya kuyatamani.

Ile picha mama mdogo ameitundika sebuleni huko Tanga. Juzi alinipigia simu akicheka. Alikuja mgeni, akalitazama lile jumba, madirisha yake yasiyohesabika, akauliza, "Kumbe hapa ndipo alipokuwa akifanya kazi?"

"Hapana," mama mdogo alimjibu. "Hapo alikwenda kutembea."

Nakuaga kwa heshima zote, Mama, na kwa kichwa kilichoinuka.

Binti yako,
Zuhura