Chai ya Jirani Yangu wa Wodini

Erdington, Birmingham

Mjukuu wangu Raiye,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi yetu. Babu yako mzima, goti tu linamsumbua. Mama yako mdogo kahamia Castle Vale.

Siku zako zimekaribia, na umeniuliza kama ni kweli wanawake wa kwetu hawalii wakijifungua. Mimi sikulia. Nilipomzaa mama yako hapa, niling'ata kanga kama somo yangu alivyonifunda. Kitanda cha pili alilala Mwingereza, msichana wa rika langu, akipiga kelele wodi nzima isikie. Akachomwa sindano ya maumivu, akasuguliwa mgongo, akaletewa chai. Nami nikaomba sindano. Nesi akanipigapiga begani: "Nyinyi Waafrika hodari, hamhitaji." Nikatabasamu, mjinga mimi, nikadhani nimesifiwa.

Wivu ulinijia baadaye, na mpaka leo haujaniacha. Namwonea wivu yule msichana, mgongo wake uliosuguliwa, hata ile chai yake. Sifa yangu haikunipunguzia uchungu hata kidogo.

Nimekutumia kanga mpya. Ni ya kumfunikia mtoto. Usije ukaing'ata.

Bibi yako,
Mwanakheri