Dawa Imeshika, Tulisema

Dada Mwanasha,

Salamu za zahanati ya Likoni zikufikie huko uliko, nami naamini ni pahali pema. Ni mimi Dama, yule Mrabai wako. Buibui lako bado limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila mtu ananiambia nilirudishe kwenu, na kila siku nasema kesho.

Mambo yamebadilika. Bendera mpya ina wiki mbili tangu kupandishwa, na wagonjwa wanaingia wakisema wao sasa ni watu huru, hawapangi foleni. Nawaambia uhuru ni uhuru na foleni ni foleni. Wewe ungelisema vizuri zaidi. Mwanamume akiona haya kushusha suruali ulikuwa ukimwambia, "Geuka, bwana, sikuja kukuposa," chumba kizima kikacheka, na sindano ishaingia. Mimi nikijaribu maneno hayo wananikasirikia. Labda ni lafudhi yangu ya Kirabai, ambayo uliicheka miaka minne bila kuchoka.

Ni wewe uliyenifundisha kuchemsha sindano. "Usizihurumie, Dama, zichemke." Ukanifundisha kujaza daftari: jina, mtaa, ugonjwa, dawa. Na ni kwako nilikolipata lile neno letu. Mgonjwa akirudi kusema anawashwa mwili tangu adungwe, tulimjibu, "Dawa imeshika." Akitokwa na mabaka, imeshika. Akivimba midomo, imeshika sana. Tukampa maji ya kunywa, tukamwita anayefuata. Daftari halikuwa na mahali pa kuandika mambo hayo, wala hatukudhani kuna mtu wa kuyasoma.

Kisha ukachomwa na mwiba wa samaki mguuni. Nilikudunga penisilini mimi mwenyewe, na alasiri ile ile mikono yako ikajaa mabaka na jicho moja likafumba. Nilikuja kwenu kukuangalia. Mama yako, Bi Mwanakombo, akasema, "Dawa hii imemkataa mwanangu." Tulicheka, dada. Tulicheka sote wawili, wewe na jicho lako moja, tukasema watu wazima nao wana maneno. Dawa ya hospitali itamkataaje mtu, kwani ni mchumba? Kesho yake niliandika katika daftari: "Amepata nafuu."

Miezi saba baadaye ulishikwa na kifua. Tulivuka feri pamoja kwenda hospitali ya kisiwani. Daktari akauliza kama umewahi kudhurika kwa sindano. Ukamjibu, "Wallahi, mimi na sindano ni ndugu." Nilikuwa nimesimama pale pale. Niliyakumbuka yale mabaka, Mwanasha. Niliyakumbuka, nikanyamaza, maana nilikwisha kujiaminisha kwamba ile ilikuwa dawa kushika. Wakitayarisha penisilini, nikatoka kukutafutia chai. Niliporudi walikuwa wamekufunika.

Sijui nikuombeje radhi. Mama yako asiyejua kusoma alikuwa na neno la sawa, na sisi wenye aproni nyeupe tulikuwa na neno la uongo, tukalisema kwa sauti ya kitaalamu.

Arobaini yako ilipopita nilivuka tena, nikamtafuta yule daktari, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alinipa kiti na karatasi, akasema niandike ni dawa gani, siku gani, kilitokea nini, na nani alidunga. Nimeandika jina langu lote, pamoja na la baba. Akasema karatasi ile itasomwa katika kila zahanati ya huku bara, kutoka Kisauni hadi Changamwe, na kwetu Jumatatu, ili mtu akiwashwa aandikwe. Mimi sasa kabla ya kudunga namuuliza kila mmoja, "Kuna dawa iliyowahi kukukataa?" Wanaelewa mara moja, hata watoto. Juzi muuza madafu aliniambia ipo, akaonyesha na mahali alipovimba. Nikaiweka sindano chini, nikamwandika daftarini.

Lakini mama yako hajui. Kila Ijumaa ananiletea mahamri, ananiita mwanangu, anasema kifo chako ni kudura ya Mungu. Mahamri nayapokea, nayala mbele yake, namshukuru. Unakijua kijiji chetu: neno likisomwa zahanati asubuhi, adhuhuri liko visimani. Sitaki alisikie kwa watu.

Kwa hivyo kesho baada ya sala ya adhuhuri nitakwenda kwenu. Nitakaa chini mkekani nimwambie kwamba aliyeona ni mimi na aliyenyamaza ni mimi. Akinifukuza, nitaondoka. Akinyamaza, nitangoja mpaka aseme. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na nimeiandika ili nisipate pa kukimbilia.

Kwaheri, dada yangu. Mungu akupanulie kaburi lako. Na kama huwa unamjia mama yako ndotoni, usiku wa leo usinitangulie kunitetea. Niache niyaseme mwenyewe.

Mdogo wako,
Dama