Jibu Nililowapa Wazee Juu ya Midomo Yako

Kwako Mwalimu Luz, mwalimu wangu wa mpira,

Shikamoo. Nimeikalia barua hii miaka mitatu, na leo nisipoiandika nitapasuka.

Unakumbuka siku ulipokata kitako cha kikapu cha mama yangu? Kikapu kipya, cha milala! Ukakitundika juu ya nguzo, ukatuambia wasichana turushe mpira mle ndani. Mama akashika kiuno: "Huyu Mfilipino ana wazimu? Sasa mpunga niubebee wapi?" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Haukupita muda tukawa timu, na mimi nahodha. Ulituambia kwenu ulifundisha wasichana mpaka wakajulikana, na kwamba hapa Garsen, kwenye shule yetu ya misheni, ungeanza upya. "Mimi taka kazi hii tu," ulisema kwa Kiswahili chako cha kuokoteza. "Ingine hapana jua."

Mikono yako haikuachana na mpira, kwa hiyo ulituonyesha njia kwa midomo. Ukiisukuma kushoto, mpira ulikwenda kwa Hamaro, binamu yangu. Ukiisukuma kulia, nilikimbia mimi. Kwetu kumbetulia mtu midomo ni kumwambia si kitu. Siku ya kwanza nilikasirika, nusura nirudi nyumbani. Baadaye nilizoea hata nikawa namwonyesha mama mtungi kwa midomo, akanizaba kofi.

Kisha wakaja wasichana wa Kipini kucheza nasi. Mto ulikuwa umefurika, uwanja wa shule umegeuka ziwa, tukafagia mavi ya ng'ombe pale Wasomali wanapouzia mifugo, tukachezea hapo. Ukaniweka nje, ukampa Hamaro nafasi yangu, eti mimi mchoyo wa mpira. Na kweli nilikuwa mchoyo. Nilikaa pembeni nachemka kwa hasira. Ndipo baba yangu, mzee wa kanisa, akaja kukuuliza akae wapi. Ukamwonyesha benchi kwa midomo, mbele ya watu wote! Baba akageuka akaenda zake.

Jumatatu wazee walikutana darasani, nawe umekaa kwenye kona, mikono mapajani. Nikaitwa. Baba akauliza, "Mwalimu huyu huwabetulia midomo hata nyinyi?"

Kulitakiwa neno moja tu, Mwalimu: anaonyesha. Nilikuwa nalo ulimini. Wenzangu hawakuthubutu kufungua kinywa mbele ya wazee, lakini mimi baba yangu angenisikiliza. Nikamwona Hamaro dirishani, nikajibu, "Ndiyo, baba. Kila siku."

Sikusema uongo, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Wazee waliguna, na mkuu wa misheni akakuambia ufunge sanduku. Watu wakiniuliza kwa nini, huwaambia niliogopa. Mungu ananiona, sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa na kijicho, nikataka na wewe uumie.

Asubuhi ile lori la Malindi likinguruma, ulinivuta kando ukanikumbatia, machozi yanakutoka. "Wengine wote nyamaza. Wewe peke yako tetea mimi." Ulisikia "ndiyo" yangu, ukadhani nimewaambia ndivyo unavyofundisha. Nikakuacha unishukuru, nikakupungia mkono mpaka lori likapotea.

Timu haikucheza tena. Siku hizi nami nafundisha, watoto wa darasa la kwanza, na kila wakiniita Mwalimu natazama chini. Naona haya hata kupita pale soko la mifugo tulipochezea.

Juzi kadi yako ya Krismasi imefika. Unasema huko kwenu hakuna shule iliyokupa timu tena, kwa sababu barua ya misheni ilisema una dharau, na sasa unauza vitambaa dukani kwa dada yako. Unasema umewasimulia wanawe habari za msichana mmoja wa Garsen, jasiri, aliyesimama mbele ya wazee akakutetea.

Waite tena, Mwalimu. Waambie msichana huyo ndiye aliyekufukuzisha kazi.

Ni mimi,
mwanafunzi wako